UZI: Prosesa ya laptopu inavyopandisha na kushusha mapigo na volti, na namna ya kuifanya betri idumu umeme ukikatika

fundi_mlandege (Unguja Mjini) #1

Asalaam aleikum jamani.

Kaskazi imeingia na maswali ya laptopu ni yale yale: betri haimalizi hata saa mbili umeme ukikatika, mashine inachoma mapaja, au mashine iliyokuwa nyepesi imegeuka konokono. Watu hukimbilia kununua betri, kuongeza RAM, hata kupiga Windows upya. Mara nyingi jambo lenyewe limo kwenye prosesa, katika ule mtindo wake wa kupandisha na kushusha mapigo na volti. Ukiuelewa utajua wapi pa kugusa na wapi pa kuacha. Naanza na msingi, nyie mjazie.

Prosesa haina kasi moja. Chukua i5-8250U, ambayo imo kwenye laptopu nyingi za mitumba. Kwenye karatasi imeandikwa 1.6 GHz, lakini ikipewa kazi nzito hupanda hadi 3.4 GHz, na ikikaa bure hushuka hadi 800 MHz na chini yake. Mapigo hayo hutokana na saa ya msingi ya 100 MHz inayozidishwa: kizidishi 34 ni 3.4 GHz, kizidishi 8 ni 800 MHz.

Kizidishi lakini ni nusu ya habari. Kila kasi ina volti yake, na umeme khasa huokolewa kwenye volti. Kanuni ni hii:

wati = C × V × V × f

C ni uwezo wa saketi kubeba chaji, ile ambayo transista huijaza na kuimwaga kila zinapogeuka. V ni volti, f ni mapigo. Tazama volti ilivyoingia mara mbili. Ukipunguza mapigo nusu bila kugusa volti, wati zinapungua nusu. Ukipunguza mapigo nusu na volti robo, wati zinabaki asilimia 28 tu.

Namba za kweli hizi hapa, za Pentium M ya 1.6 GHz, ambazo Intel ilizichapisha mwaka 2004:

1.6 GHz – volti 1.484
1.4 GHz – volti 1.420
1.2 GHz – volti 1.276
1.0 GHz – volti 1.164
800 MHz – volti 1.036
600 MHz – volti 0.956

Juu kabisa prosesa hiyo ilihesabiwa wati 24.5, chini kabisa wati 6. Ukiipiga kanuni utapata wati 3.8 kwa 600 MHz, si 6. Tofauti hiyo nyingi yake ni mvujo: umeme unaopenya kwenye transista hata pale zisipogeuka. Mvujo haujali mapigo. Unajali volti, na unajali joto sana. Likumbukeni hilo la joto, tutalirudia.

Historia kidogo. SpeedStep ya Intel iliingia kwenye laptopu mwaka 2000 na Pentium III, ikiwa na ngazi mbili tu, ya chaja na ya betri. Mwaka huo huo AMD walikuja na PowerNow! na Transmeta na LongRun. Pentium M ya 2003 ikaleta ngazi nyingi kama hizo hapo juu. Mpaka hapo mfumo wa kompyuta ndio uliokuwa ukiamuru ngazi ipi itumike. Kuanzia Skylake (prosesa za kizazi cha 6), mwaka 2015, Intel wakaleta Speed Shift: mfumo unatoa mwelekeo tu, kasi au akiba, na prosesa inaamua yenyewe ndani ya milisekunde chache.

---

bint_wete (Pemba) #2

Waaleikum salaam. Ahsante fundi kwa darsa. Nina maswali mawili.

Kama volti ndiyo mla umeme, kwa nini isishushwe volti peke yake, mapigo yakabaki juu? Na kama 600 MHz inakula wati 6, si bora mashine ifungwe hapo hapo chini kila inapokuwa kwenye betri? Nauliza kwa ajili ya maabara ya skuli, mashine kumi na mbili za i5-8250U, nusu Windows na nusu Linux, na umeme ukikatika darasa linaendelea kwa betri.

---

maalim_tunguu #3

La kwanza nalichukua mie, dada.

Transista ni swichi, na swichi iliyopewa volti ndogo hugeuka polepole. Ndani ya pigo moja, ishara lazima ipite kwenye mlolongo mrefu wa swichi na iwe imetulia kabla ya pigo linalofuata. Kwa 1.6 GHz pigo moja lina nanosekunde 0.625. Kwa 600 MHz lina nanosekunde 1.67. Kwa hiyo prosesa ya 600 MHz ina nafasi ya kungoja swichi za polepole, ndiyo maana volti 0.956 inamtosha. Ukimpa volti hiyo akiwa 1.6 GHz, kuna ishara itakayochelewa, prosesa itasoma sifuri pahala pa moja, na matokeo yake ni skrini ya buluu, au baya zaidi, faili limeharibika na hakuna aliyeona.

Utaratibu wa kuhama nao una adabu yake. Kupanda: volti kwanza, itulie, ndipo mapigo. Kushuka: mapigo kwanza, kisha volti. Volti hutoka kwenye kidhibiti kilichopo kando ya prosesa, zile koili za kijivu za mraba utakazoziona ukifungua. Prosesa hutuma namba ya volti inayoitaka kwa njia ya waya maalumu, na kidhibiti hufuata kwa hatua za milivolti 5 au 10. Safari nzima huhesabiwa kwa maikrosekunde. Kwa hiyo ule msemo kwamba "kupanda na kushuka kila mara kunachosha prosesa" uacheni, hiyo ndiyo kazi iliyoundwa nayo.

Jambo moja zaidi, maana linajibu nusu ya swali lako la pili. Volti ina sakafu. Ikifika chini kiasi fulani haishuki tena, kumbukumbu za ndani ya prosesa hazishiki data. Kuanzia hapo ukiendelea kupunguza mapigo hupati faida ya volti mara mbili, unapunguza kasi tu.

---

fundi_mlandege #4

Sawasawa maalim. Sasa la pili, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

Betri haihifadhi wati, inahifadhi nishati, yaani wati mara muda. Tuchukue kazi moja inayomaliza sekunde 10 kwa 1.6 GHz. Na tuseme vitu vyengine, skrini, diski, Wi-Fi na ubao, vinakula wati 8 muda wote mashine ikiwa wazi.

Kwa 1.6 GHz: prosesa 24.5 × 10 = jouli 245. Vyengine 8 × 10 = 80. Jumla 325.

Kwa 600 MHz kazi ile ile inachukua sekunde 26.7: prosesa 6 × 26.7 = 160. Vyengine 8 × 26.7 = 213. Jumla 373.

Umeona? Mashine "inayookoa" imekula zaidi, maana skrini imeingoja. Sasa jaribu katikati, 1.0 GHz, sekunde 16. Prosesa tuikadirie wati 11.5, kwa kanuni pamoja na mvujo: jouli 184. Vyengine 128. Jumla 312. Katikati imeshinda pande zote mbili.

Juu ya hilo, prosesa ikimaliza kazi hailali macho wazi. Ina ngazi za usingizi: C1 inasimamisha mapigo ya kiini (core, kila kimoja cha vitengo vya kazi ndani ya prosesa), C3 inamwaga kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani), C6 inaweka hali ya kiini pembeni na kukikatia volti kabisa. Viini vyote vikilala, chipu nzima nayo hulala, PC8 hadi PC10 kwa hizi za miaka ya karibuni. Kiini kilicho kwenye C6 karibu hakina hata mvujo. Kwa hiyo kumaliza mapema ukalale ni akiba nzuri kuliko kutambaa muda mrefu kwa 600 MHz.

---

msomi_chake (Chake Chake) #5

Fundi, hesabu yako naikubali lakini ina sharti ulilolipita haraka. Umechukulia kwamba kazi ikiisha na skrini inazimwa. Mwanafunzi anayesoma PDF au anayeandika insha, skrini yake iko wazi tu, kazi imekwisha au haijesha. Zile wati 8 zinaliwa kwa vyovyote, ziondoe pande zote mbili.

Rudia hesabu kwa dirisha la sekunde 26.7. Wa haraka: jouli 245, halafu sekunde 16.7 za usingizi, tumpe wati 1, jumla kama 262. Wa polepole: 160. Hapa mpole ameshinda kwa mbali.

Basi jawabu la bint_wete linategemea kazi. Kusoma, kuandika, kuangalia video: kasi ya chini inalipa. Kufungasha faili kubwa au kukusanya programu kisha ukafunga mashine: kasi ya kati. Kasi ya juu kabisa, ile ya tabo (turbo, kupanda juu ya kasi iliyoandikwa kwenye karatasi), hailipi kwenye betri popote, maana ngazi za mwisho za mapigo hununuliwa kwa volti kubwa mno.

---

fundi_mlandege #6

Nimekubali, shekhe, sharti lile lilistahili kuandikwa. Na hilo la mwisho ndilo ningetaka watu walishike: kwenye betri, kata tabo, chini usiguse. Prosesa iachwe ishuke na kulala yenyewe.

---

kijana_wa_windows (Mwanakwerekwe) #7

Kwa Windows 10 na 11. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika:

powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive scheme_current

"dc" ni betri. "Ac" ni chaja. Weka 99 na prosesa nyingi za Intel zitaacha tabo. I5-8250U itasimama kwenye 1.6 GHz hivi badala ya kurukia 3.4. Mstari wa pili usiusahau, bila ya huo hakuna kinachobadilika mpaka mpango wa umeme uwashwe upya.

Kama 1.6 ni ndogo mno kwa kazi yako, rudisha 100 kisha weka kikomo cha megahezi:

powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCFREQMAX 2200
powercfg /setactive scheme_current

Sifuri ni kuondoa kikomo. Mashine za Intel kizazi cha 12 kwenda mbele zenye viini vya aina mbili, PROCFREQMAX hushika viini vidogo, na PROCFREQMAX1 hushika vile vikubwa. Ukiweka kimoja tu utashangaa wati hazipungui.

Mambo yanayoharibika hapa:

Mtu anaweka "Maximum processor state" 30 au 5 akidhani anaokoa. Mashine inatambaa, anasahau, mwezi wa pili anaipeleka kwa fundi kwa ajili ya virusi. Kabla ya kupiga Windows upya endesha powercfg /q scheme_current sub_processor uone namba zilizomo (zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita: 0x64 ni 100, 0x63 ni 99, 0x5 ni 5).

Pili, programu za mtengenezaji wa laptopu huwa na mipango yake ya umeme na huandika juu ya yako. Ukiona namba zinarudi zenyewe, anzia hapo.

Tatu, kile kitufe cha "Power mode" kwenye Settings ya Windows 11 kinabadilisha ule mwelekeo aliousema fundi, unaopimwa 0 hadi 255: 0 ni kasi, 255 ni akiba. Kwenye betri chagua "Best power efficiency". Chenyewe hakikati tabo, kinaifanya prosesa isite kidogo kabla ya kupanda.

---

bint_wete #8

Ahsante sana kaka. Na zile za Linux?

---

maalim_tunguu #9

Kwanza jua nani anayeendesha:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver

Ikijibu intel_pstate, tahadhari na jina "powersave". Kwenye draiva ya zamani, acpi-cpufreq, powersave maana yake ni kufungwa kwenye kasi ya chini kabisa. Kwenye intel_pstate, powersave ni hali ya kawaida inayopanda na kushuka kwa mujibu wa kazi. Watu wanasoma mafunzo ya draiva moja wanayatumia kwenye nyengine, kisha wanalalamika mashine imekufa.

Kukata tabo:

echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Kubadilisha mwelekeo:

echo balance_power | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/energy_performance_preference

Hizi zote hupotea ukizima mashine. Ili zidumu, weka TLP (programu ya kusimamia umeme), na kwenye /etc/tlp.conf andika CPU_BOOST_ON_BAT=0 na CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_BAT=balance_power. TLP na power-profiles-daemon, programu nyengine ya kazi hiyo hiyo, zisikae pamoja, zinapigania faili zile zile na atakayeandika mwisho ndiye mshindi. Ondoa moja.

Kupima tumia sudo turbostat --interval 5. Usibabaishwe na safu zote, tazama nne: Busy% (viini vinashughulika kiasi gani), Bzy_MHz (mapigo wakati wa kazi), PkgWatt (wati za prosesa nzima), na safu za usingizi kama Pkg%pc8. Mashine imekaa bure na Pkg%pc8 ni sifuri? Kuna kitu kinaiamsha. Mara nyingi ni kifaa cha USB kilichochomekwa au ukurasa wa kivinjari wenye tangazo linalocheza. Hapo hata ucheze vipi na mapigo hupati kitu, ondoa kinachoamsha kwanza.

Kwa Ryzen: draiva ni amd-pstate, ilianza Linux 5.17 mwaka 2022. Kikomo cha wati unaweza kukiweka kwa ryzenadj, namba ni za miliwati, kwa mfano --stapm-limit=12000 --slow-limit=12000 --fast-limit=15000.

---

mvuvi_wa_data (Mkoani) #10

Samahani kuingilia. Kuna laptopu imeganda kwenye 0.79 GHz ikiwa kwenye chaja, haipandi. Joto nyuzi 48 tu. powercfg inaonesha 100, Windows imeshapigwa upya, hali ni hiyo hiyo. Chaja yake ni ya mdomo wa duara wenye sindano katikati.

---

fundi_mlandege #11

Hiyo sindano ndiyo ya kuishuku kwanza. Haipitishi umeme wa kuchaji. Kupitia hiyo laptopu huisoma chaja kuwa ni ya wati ngapi. Ikikatika, ikipinda, au chaja ikiwa ya kuiga isiyo na chipu ya utambulisho, ubao haujui chaja inaweza kubeba kiasi gani. Kwa usalama unavuta waya uitwao PROCHOT, ambao asili yake ni kengele ya joto, na prosesa inashuka hadi kizidishi cha chini. Prosesa yenyewe haina moto, imepewa amri kutoka nje. Ndiyo maana joto lako ni 48 tu.

Fanya hivi, kwa mpango huu huu:

Chomoa chaja, izime kabisa, iwashe kwa betri peke yake. Mapigo yakipanda, tatizo lipo upande wa chaja.

Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka), tafuta sehemu inayoonesha chaja. Ikisoma 65 W au 45 W, utambulisho unapita. Ikiandika kwamba haijulikani, jaribu chaja ya asili kutoka mashine nyengine ya aina ile ile kabla ya kununua chochote.

Chaja nzima na bado haijulikani? Tazama tundu la chaja kwa tochi. Huku kwetu sindano na kuta za tundu hupata kutu ya chumvi. Tundu nyingi zina waya wake na plagi ndogo kwenye ubao, huhitaji kuchomelea. Likibadilishwa na bado, basi ni njia ya utambulisho kwenye ubao wenyewe, hiyo ni ya fundi mwenye hadubini.

Na betri? Ikichomolewa au ikiwa imekufa, baadhi ya mashine nazo hushusha prosesa, maana tabo hutaka umeme wa ghafla ambao chaja peke yake haiwezi kuutoa, na betri ndiyo hujazia.

Kuna programu ya ThrottleStop yenye kisanduku cha BD PROCHOT. Ukiondoa alama mashine inapanda papo hapo. Natamani watu wasianzie hapo. Umeizima kengele bila kujua nani aliyeipiga. Kama aliyeipiga ni kipima joto cha kidhibiti cha volti, utachoma ubao. Itumie kupima kwamba kengele ndiyo sababu, kisha irudishe.

---

mvuvi_wa_data #12

Kwa betri imepanda hadi 3.1. Natafuta chaja ya asili. Allah akulipe kheri.

---

msomi_chake #13

Bado hatujagusa undervolt, yaani kushusha volti kwa mkono chini ya ile iliyowekwa kiwandani. Nitaiweka kwa ufupi, maana mlango wake umefungwa kwa wengi.

Kiwandani kila chipu huwekewa volti yenye akiba juu ya ile inayohitajika khasa, kwa ajili ya joto, uzee na tofauti za chipu kwa chipu. Kwa Intel kizazi cha 6 hadi cha 9 unaweza kula sehemu ya akiba hiyo: ThrottleStop kwenye Windows, intel-undervolt kwenye Linux. Kiini na kashe vipewe namba moja. Anza −50 mV, fanya kazi siku nzima, ongeza 10 kwa mara. Wengi husimama kati ya −70 na −100.

Kosa la kawaida ni kupima kwa kazi nzito tu. Punguzo hilo linashika ngazi zote, na ngazi za chini zina akiba ndogo. Mashine inapita jaribio la saa zima kwa mzigo, kisha inaanguka ikiwa imekaa tu au inapoamka usingizini. Pima zote mbili: mzigo nusu saa, kisha ilaze na uiamshe mara kumi. Kwenye Event Viewer tafuta maandishi WHEA (rekodi za makosa ya vifaa). Hata kosa moja lililosahihishwa ni ishara ya kurudi nyuma 20 mV. Usiuhifadhi mpangilio ujiwashe wenyewe mpaka umalize majaribio, la sivyo utapata mashine inayoanguka kila inapowaka.

Sababu ya mlango kufungwa: Disemba 2019 ulitangazwa udhaifu uitwao Plundervolt, ambapo volti hiyo hiyo ilitumika kuvunja sehemu ya siri ya prosesa. Baada ya hapo masasisho ya BIOS yalianza kuikatalia programu isiguse volti. Ukiona namba inarudi sifuri, BIOS yako imeshafunga. Sishauri kurudisha BIOS ya zamani kwa ajili ya milivolti 80.

---

dada_wa_soda (Mchangani) #14

Jamani hakuna aliyelirudia joto, na fundi aliahidi.

Prosesa ile ile, mapigo yale yale, volti ile ile, ikiwa nyuzi 90 inakula zaidi kuliko ikiwa nyuzi 60, kwa sababu mvujo hukua na joto. Na huku kwetu chumba cha kaskazi ni nyuzi 32 kabla mashine haijawashwa, hewa ina chumvi, na mapezi ya shaba yanaota kijani yakishikana na vumbi. Mashine nyingi hufika nyuzi 100, kikomo cha prosesa nyingi za Intel, kisha zinashuka zenyewe. Mtumiaji anaona kasi inapanda na kushuka kama bahari.

Kusafisha: chomoa chaja, fungua mfuniko, chomoa plagi ya betri kwanza. Skrubu za bomba la joto zina namba, zilegeze kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ya asilimia 70 ina maji mengi, hewa yetu haitaikausha upesi. Prosesa za laptopu hazina kifuniko cha chuma, kioo cha silikoni kiko wazi, kwa hiyo pesti ya ukubwa wa punje ya mchele itandazwe ifunike kioo chote kwa utando mwembamba, kona zisibaki tupu. Vipande vya mpira vya kupitishia joto kwenye koili visiachwe: vikichanika weka vyengine vya unene ule ule, kwa kawaida milimita 0.5 au 1. Ukiweka kinene zaidi bomba la joto litanyanyuka na prosesa haitaguswa. Kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo.

Feni ishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza vumbi. Ikizungushwa na upepo mkali shimo la mhimili linalegea, nayo pia huzalisha umeme unaorudi kwenye ubao.

Na kama mashine inafanya kazi karibu na bahari, ifunguliwe kila miezi sita. Mwaka mzima ni mrefu.

---

kaka_wa_sola (Kojani) #15

Nyongeza ya betri chakavu. Mashine inayozimika ghafla ikiwa asilimia 30, wengi huambiwa kipimo cha betri kimepotea. Mara nyengine ni tabo. i5-8250U kwenye baadhi ya laptopu huachiwa hadi wati 44 kwa sekunde 28. Betri ya volti 11.4 lazima itoe karibu ampia 3.9, ya volti 7.6, ampia 5.8. Betri iliyozeeka ina ukinzani mkubwa ndani, volti inaanguka, ubao unajizima kujilinda. Kata tabo kwenye betri na mashine hiyo hiyo huenda ikashuka hadi asilimia 5 bila kuzimika. Angalia powercfg /batteryreport: FULL CHARGE CAPACITY ikiwa chini ya nusu ya DESIGN CAPACITY, tabo uikate bila kuuliza.

Kwa wa sola: usipitishe kwenye inveta kama laptopu inachaji kwa USB-C. Inveta inakula wati kadhaa hata bila mzigo. Nunua chaja ya gari ya 12 V yenye PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji wa USB-C) ya wati 65, inayotoa 20 V kwa ampia 3.25. Upande wa betri itavuta karibu ampia 6 ukihesabu upotevu, kwa hiyo waya wa milimita mraba 1.5 na fyuzi ya ampia 10 karibu na betri. Betri ya asidi ya 100 Ah utumie nusu, wati-saa 600. Laptopu ya wastani wa wati 20 itakwenda saa 30 kasoro upotevu. Ukiishusha hadi wati 10 ni mara mbili yake.

---

bint_wete #16

Nimeandika yote. Kwa mashine kumi na mbili za maabara, nianze na mpangilio upi?

---

fundi_mlandege #17

Dada, chukua nne kwanza, mbili za Windows na mbili za Linux. Kwenye betri: tabo ikatwe, yaani 99 kwa Windows na no_turbo kwa Linux, mwelekeo uwe balance_power au "Best power efficiency", mwanga wa skrini nusu. Kwenye chaja usibadilishe chochote. Hakikisha ile ya chini, "Minimum processor state", iko 5.

Chaji hadi 100, fungua yale yale wanayotumia wanafunzi, acha dakika 30 kwa mpangilio wa zamani, andika asilimia iliyobaki. Chaji tena, rudia kwa mpangilio mpya. Kwenye zile mbili za Linux andika na PkgWatt. Zikija namba ziweke hapa hapa pamoja na joto la chumba, tuone kama tubaki 1.6 au wanafunzi wapewe 2.2.